Kondoo wa Kanada

Ninyi mnaojisomea peke yenu, bila mwalimu wala darasa, ndio ninaowaandikia. Mjukuu wangu mmoja yumo katika kundi lenu. Juzi nilimkuta amejifungia chumbani na kitabu cha jiografia, macho mekundu, midomo imekauka. Nikamwuliza anasoma nini, akasema anasoma makazi ya watu. Nikamwuliza, anamsomea nani? Alinitazama kwa huruma, kama babu yake ameanza kupotewa na akili. Sikumlaumu. Swali lilikuwa la kweli, ila jibu lake ni refu, na mlango alikuwa ameshaufunga tena.

Mimi nilikuwa mchora ramani wa serikali kwa miaka mingi. Kabla ya hapo nilikuwa mshika mnyororo. Ninyi hamjauona mnyororo wa wapima ardhi. Ulikuwa wa chuma, urefu wake futi sitini na sita, nao tuliuburuta mchana kutwa juu ya mbuga za Shinyanga. Mtu wa mbele hubeba pini kumi. Akifika mwisho wa mnyororo huchomeka pini moja, mtu wa nyuma akifika huing'oa. Pini zote kumi zikihamia kwa mtu wa nyuma, mmekwenda minyororo kumi, karani anaandika. Kazi ya mtoto mdogo, mtasema. Haya, ifanyeni mwezi wa tisa, jua la Songwa likiwa utosini, udongo mweusi umepasuka nyufa za kumeza mguu.

Na mimi nina ugonjwa wa kuota mchana. Nilizaliwa nao. Naweza kutembea hatua mia mbili nikiwa mahali pengine kabisa, nikirudi sijui nilipita wapi. Siku moja niliota hivyo, pini moja ikabaki ardhini, hesabu ikaharibika, na mstari wa mpaka tuliouweka alasiri ile ukapita katikati ya zizi la mzee mmoja. Mzee hakugomba. Alituletea maziwa mgando, akangoja tunywe, kisha akauliza kwa adabu kabisa: ng'ombe wake wakilala, kichwa kitakuwa upande upi wa mpaka na mkia upande upi?

Aliyenitetea siku hiyo mbele ya wakubwa ni Mzee Hamisi, kiongozi wa kundi letu, Mnyamwezi wa Tabora. Alikuwa mtu mrefu, mwenye miguu mikubwa ajabu, na miguu hiyo mtaisikia tena. Ndiye aliyenifundisha kazi. Alinifundisha kufunga kitambaa chekundu kwenye kila pini ili isijifiche majanini. Alinifundisha kuunyoosha mnyororo usawa ninapoteremka kilima, maana ukiulaza juu ya mteremko unapima mteremko, hupimi ardhi. Na alinifundisha kwamba kabla hujachomeka pini kwenye shamba la mtu, nenda kwake, piga hodi, sema shikamoo, kunywa maji utakayopewa. Vijana wengine waliona anapoteza muda. Lakini pini za Mzee Hamisi zililala pale usiku kucha bila mtu kuzing'oa, na za wengine ziling'olewa.

Huyu mzee ndiye aliyeniambia nisibaki na mnyororo. Alisema mtu anayeota kama mimi anafaa kukaa kwenye meza ya ramani, huko hata akiota hapotezi pini. Ofisi ilikuwa inatafuta vijana wa kufundishwa kuchora, kwa sababu watu walikuwa wanahamia magharibi, Geita, na ardhi ya huko ilihitaji ramani mpya. Sharti lilikuwa mtihani wa cheti cha sekondari, ule wa kutoka ng'ambo, tufanye kama watahiniwa wa nje. Mimi nilikuwa nimeishia darasa la nane. Nilijisomea mwaka mzima, nikafaulu Kiingereza na hesabu. Jiografia nikaanguka.

Nilianguka kwa sababu nilijibu kama mshika mnyororo. Waliuliza kwa nini watu hupenda kujenga karibu na mito, mimi nikaeleza namna ya kupima upana wa mto. Milima niliijua, mvua niliijua. Kilichonishinda ni ile sehemu inayohusu watu: kwa nini wanaishi hapa na si pale, kwa nini wanalima hiki na kuacha kile, kwa nini wanahama. Nilikuwa nimekariri kitabu kizima, na sikuwa nimemwona mtu hata mmoja ndani yake. Ofisi ikasema nitarudia mara moja tu. Nikianguka tena, jina langu litafutwa, nibaki na mnyororo mpaka mgongo uniishie. Niliogopa, nawaambia kweli. Nilikuwa na mke na mtoto mmoja, na nilikwisha kuwaona wazee wa mnyororo wanavyotembea.

Sasa nije kwa mke wangu. Jina lake Kabula, na baada ya binti yetu kuzaliwa wote walimwita Mama Limi. Shule hakukanyaga. Lakini kijijini kwao, jirani na Songwa, yeye ndiye aliyekuwa anaongoza nyimbo za kupura mtama, na hiyo si kazi anayopewa yeyote. Mtama hutandazwa kwenye uwanja uliosiribwa kwa samadi ya ng'ombe ukakauka ukawa mgumu. Watu husimama safu mbili wakitazamana, kila mtu na fimbo yake ndefu. Safu hii inashusha, safu ile inainua. Kiongozi anaimba, wengine wanaitikia, na fimbo zinafuata wimbo. Wimbo ukiyumba, fimbo zinagongana, na mtu anaweza kuumia vidole.

Alasiri nilikuwa nikikaa chini ya ukingo wa paa na kusoma kwa sauti, kwa Kiingereza, kama kasisi anayesoma misa. Kabula alivumilia siku tatu. Siku ya nne akataka nimweleze kwa Kisukuma. Nikamweleza Uholanzi: kwamba bahari ilikuwa imekaa juu ya nchi, watu wakajenga ukuta, wakayatoa maji, wakapata malisho. Aliacha kupepeta. Akauliza bahari ile walimnyang'anya nani. Akauliza ukuta ukibomoka nani anaitwa kwanza, mwenye shamba la karibu au mtemi. Akauliza kama wana majani ya akiba wanayoyazuia mpaka kiangazi, kama sisi tunavyozuia ngitili yetu. Nilirudi kitabuni kuwatafuta watu, na kwa mara ya kwanza nikawaona, wamevaa viatu vya mbao, wanabishana juu ya ukuta.

Tangu siku hiyo kila alasiri nilimweleza nchi nyingine ya kitabuni, nami nikaanza kuishi sehemu mbili. Nikiburuta mnyororo kwenye mbuga, ule upepo wa kiangazi ukipita juu ya majani makavu, niliiona Kanada, ngano mpaka mwisho wa macho, na treni ndogo inapita mbali. Mvuke wa joto ukinyanyuka upande wa Isaka, ilikuwa bahari ya Waholanzi inarudi. Mzee Hamisi alikuwa akipiga mluzi kuniita nirudi duniani. Zilikuwa siku nzuri. Hata sasa nikifumba macho sijui ni ipi niliyoiona kweli.

Mavuno yalipofika tukatumwa Geita wiki sita kupima vijiji vipya. Niliporudi, nilifika kwa wakwe zangu asubuhi, wakiwa uwanjani wanapura. Mama mkwe alikuwemo safuni, kwa hiyo adabu haikuniruhusu kusogea. Nilikaa nyuma ya ghala, nikasikiliza. Nikasikia sauti ya Kabula, na watu wapatao ishirini wakiitikia:

Maji yalikuwa hapa,
Waholanzi wakajenga ukuta,
maji yakarudi kwao,
ng'ombe wakala majani.

Nilidhani nimeanza kuumwa. Kumbe alikuwa amekitia kitabu changu chote kwenye fimbo. Walimaliza Uholanzi, wakaingia Wajapani na mpunga wao wa ngazi, wakaingia wachimba makaa wa Uingereza, Kanada, Australia, kila nchi na safu yake. Wazee ambao hawajawahi kufika hata Mwanza walikuwa wanauadhibu mtama kwa jina la watu wa Japani. Nililia pale nyuma ya ghala, na sioni aibu kulisema.

Wiki zilizobaki sikugusa kitabu sana. Kila asubuhi niliyokuwa nyumbani nilikwenda nyuma ya ghala na kusikiliza. Lilikuwa kosa, na kwa nini nitawaambia baadaye.

Ulikuwapo ubeti mmoja ambao haukutoka kitabuni. Wakati ule wakubwa walikuwa wanahimiza watu wa kwetu wahamie Geita, kwa sababu huku ardhi imechoka na ng'ombe wamezidi, na kule vichaka vya mbung'o vilikuwa vimefyekwa. Wengi walikwenda. Mama mkwe alikataa. Walikuja kumshauri, hata ndugu zake, naye akawaambia neno moja tu, na Kabula akalichukua akalifanya ubeti: nikihama, nani atainua fimbo yake nikishusha yangu?

Mtihani ulifanyika Shinyanga mjini, kwenye ukumbi wenye madirisha makubwa, malori ya pamba yakinguruma nje. Sikuwa na viatu vya heshima, nikaazima vya Mzee Hamisi. Ndani yake miguu yangu ilikuwa na nafasi ya kugeuka. Karatasi ilipofunguliwa, kichwa kikawa cheupe. Hakuna nchi, hakuna watu. Kisha kidole kikaanza kugonga meza chenyewe, na Waholanzi wakaja mbio na ukuta wao. Nikaandika. Nikagonga, nikaandika, natafsiri kutoka Kisukuma kwenda Kiingereza.

Msimamizi akanijia taratibu. Akainama.

"Acha kugonga," akaninong'oneza. "Ukigonga tena nitakutoa nje."

Mtajua sasa faida ya miguu ya Mzee Hamisi. Vile viatu vilikuwa vipana kiasi kwamba vidole vyangu vya miguu viliweza kupura mtama humo ndani bila mtu kuona. Nikapura saa mbili na nusu. Wajapani walikuja. Wachimba makaa walikuja. Kanada na Australia walikuja nikawajibia kwa furaha, ukurasa mzima.

Swali la mwisho liliuliza kwa nini watu huhama kutoka eneo moja kwenda lingine, na kwa nini wengine hubaki hata eneo likiwa baya. Sehemu ya kwanza niliijua kwa kitabu na kwa macho: ardhi kuchoka, maji, mifugo, mbung'o, serikali. Sehemu ya pili kitabu kilikuwa na mistari miwili kuhusu umaskini na ujinga. Niliiandika mistari hiyo, halafu kalamu ikasimama. Nilimwona mama mkwe kama nilivyomzoea, kwa mbali, na fimbo yake. Si maskini, ana ng'ombe. Si mjinga, anajua udongo wa kila shamba kwa nyayo. Nikaifuta ile mistari miwili. Nikaandika kwamba yupo mwanamke katika wilaya hii aliyeambiwa ahamie kwenye ardhi nzuri, na kwamba kazi yake ya mavuno inahitaji mtu wa kusimama mbele yake, na mtu huyo hahamishiki kwa lori pamoja na vyungu. Niliandika vibaya, Kiingereza kilinipiga chenga. Niliogopa kwamba bwana mmoja huko ng'ambo atacheka na chai itamwagika. Lakini sikuifuta.

Nilifika nyumbani nimejaa maneno. Nikamsimulia Kabula kila swali na kila jibu. Nilipofika Kanada nikamweleza nilivyoandika habari za kondoo wao, makundi kwa makundi, manyoya yanavyopakiwa kwenye meli, halafu Australia na ngano yake isiyo na mwisho.

Alishika mdomo. Nikamwuliza nini.

"Hiyo niliigeuza," akasema.

Nikamwuliza aligeuza nini.

"Ngano nikiiweka Kanada, fimbo zinagongana, Baba Limi. Mzee mmoja aliumia kidole. Nikabadilisha, kondoo wakaenda Kanada, ngano ikaenda kule kwingine. Ikatulia. Nilitaka kukuambia ulipokuwa Geita, nikasahau."

Kitabu kilikuwa ndani ya nyumba muda wote ule, vijana, kwenye sanduku, hatua kumi kutoka pale nilipokaa. Sikukifungua kuhakikisha. Na mimi mwenyewe ndiye niliyeiona Kanada na ngano yake kwa macho yangu kwenye mbuga. Watu ishirini wakiimba jambo kila siku na fimbo mkononi, linakuwa kweli kuliko ulichokiona. Nilimkasirikia Kabula kwa muda wa kunywa maji kibuyu kimoja. Kisha tukacheka mpaka mtoto akaamka akatushangaa.

Lakini cheko lilikwisha, na miezi ya kungoja ikawa mirefu. Nilijua nimepoteza ukurasa mzima. Nilirudi kwenye mnyororo, nikaacha kuota. Mzee Hamisi alisema hajawahi kuona pini zangu zikiwa sawa namna ile, na kwamba hapendi.

Barua ilikuja mvua za kwanza zikiwa zimeanza. Nilikuwa nimefaulu, daraja la chini kabisa la kufaulu, lakini nimefaulu. Nilikimbia nayo mpaka shambani. Kabula alikuwa anapalilia. Aliniangalia usoni, hakuhitaji kuuliza kama nimefaulu au nimeanguka.

"Geita?" akauliza.

"Geita."

Akaendelea kupalilia mstari mmoja mpaka mwisho. Hapo ndipo nilipozinduka. Miezi yote ile mimi nilikuwa nawaza mgongo wangu na meza ya ramani. Sikuwahi hata mara moja kuwaza kwamba nikifaulu, yeye ndiye atakayeondoka kwenye ule uwanja. Ubeti wa mama yake ulikuwa umenifaulisha, na wala sikuutia akilini.

"Ulijua," nikamwambia. "Ulijua nikifaulu tutahama."

"Nilijua."

"Sasa kwa nini ulinifundisha?"

Akapangusa jembe.

"Ulikuwa unasoma vibaya," akasema. "Nilishindwa kuvumilia."

Tulipanda lori mpaka Mwanza, tukavuka ziwa kwa kivuko, mimi, yeye, mtoto, kitabu na fimbo yake ya kupuria iliyokuwa ndefu kuliko sote. Makarani wenzangu waliniuliza ile fimbo ni ya nini. Geita kulikuwa kijani, udongo mwekundu, mvua za kutosha. Kila kitu nilichoandika kwenye sehemu ya kwanza ya lile swali kilikuwa kweli.

Mavuno yetu ya kwanza huko, alisiriba uwanja mwenyewe, akatandaza mtama, akasimama peke yake. Majirani walikuwa wageni kama sisi, kila nyumba imetoka mahali pake. Mimi nilikuwa ndani nachora mipaka. Nikamsikia anaanza. Anaimba, anashusha fimbo moja. Kisha kimya, mahali ambapo safu ya pili ingeshusha. Anaimba, fimbo moja, kimya. Nilisikiliza kile kimya kwa muda mrefu na wino ukanikaukia kwenye kalamu. Nikatoka nikaokota gongo, nikasimama mbele yake. Sikuwahi kupura maishani, niliharibu wimbo mara tatu na kumgonga mkono, naye akaanza upya kila mara. Jirani yetu, mama mmoja wa Kizinza, alikuwa anatutazama kutoka kwake, nadhani kwa uchungu. Siku ya pili alikuja na fimbo, akaniondoa kwa bega tu, akasimama pale. Kisukuma hakukijua. Aliitikia kwa sauti bila maneno mpaka maneno yakamwingia. Msimu uliofuata walikuwa saba.

Nilichora ramani za sehemu zile kwa miaka mingi. Kila nilipochora kijiji kipya, niliweka visima, njia, mashamba, na nikajua kuna kitu sijakiweka. Ramani haina alama yake.

Kabula amepumzika, mwaka wa sita sasa. Mwaka jana nilikwenda Geita kuangalia kaburi lake. Nilikuwa napita kijiji kimoja nisichokijua, nikasikia fimbo. Walikuwa wanawake na vijana, Wasukuma, Wazinza, Wasumbwa, hata wa mbali waliofuata dhahabu. Walikuwa wanawaimba Waholanzi. Nikasimama kando ya njia. Wakaja Wajapani, wakaja wachimba makaa, na nikangoja, moyo unanienda mbio kama siku ile ukumbini. Kanada ikafika, na kondoo wake wote.

Binti mmoja alitoka safuni akanisalimia shikamoo, akaniuliza babu unamtafuta nani. Nikamwuliza wimbo huu ni wa nani. Akasema ni wa hapahapa, wa zamani, bibi zao waliukuta. Nikamwambia warudie, nimependa.

Basi mjukuu wangu, fungua huo mlango. Mtafute mtu asiyekijua hicho kitabu, umweleze mpaka akuulize maswali yatakayokushinda. Halafu rudi kitabuni uhakikishe, usiwe kama mimi. Kwenye mtihani, andika ngano. Lakini ukipita Geita wakati wa mavuno, usimsahihishe mtu.